Uzito wa Chembe ya Vumbi: Nasaha kwa Wanafunzi wa Maabara



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, anayejua kilicho juu ya nyota na kilicho chini ya udongo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu, tarehe 14 Agosti 1992, wakati wa alasiri, mawe yalinyesha Mbale. Sisemi hivyo kupamba maneno. Kimondo kilipasuka juu angani, watu wakasikia ngurumo, na vipande vikatawanyika katika eneo la kilomita kadhaa, vingine mashambani, vingine juu ya mapaa. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu chache tu, ambacho kasi yake ilikuwa imevunjwa na majani ya mgomba, na alhamdulillahi hakudhurika. Wataalamu, wakiwemo wanajiolojia wa Makerere, waliyafuata mawe hayo wakayapima: jumla karibu kilo 150, na kubwa kuliko yote lilizidi kilo 27. Chuo Kikuu cha Kiislamu katika mji huo huo kilikuwa na umri wa miaka minne tu.

Kuna jambo jingine liliandikwa kuhusu siku zile. Ulikuwa wakati wa ukimwi, na dawa tunazozijua leo hazijawafikia watu wetu. Baadhi ya wakazi walichukua vipande vya yale mawe, wakavisaga, wakavila, kwa kuamini kwamba kilichoshuka kutoka mbinguni kimeletwa kuponya. Siwacheki, na wala msiwacheke. Mtu aliyezika ndugu watatu kwa mwaka mmoja hushika chochote kilicho mbele yake. Lakini jiwe lilikuwa jiwe.

Nimewaletea habari ya Mbale kwa sababu naona wasomi wa leo nao wana mawe yao wanayoyasaga. Muhula uliopita ujumbe mmoja ulizunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa Kiislamu hapa Kampala. Ulisema wanasayansi wamethibitisha katika maabara kwamba binadamu ametokana na vumbi la nyota, Qur'ani ilikwisha kusema hivyo miaka 1400 iliyopita, takbir! Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma kemia, alinijia baada ya darsa na habari ile ile, ila yeye ilimkosesha usingizi. Akaniuliza: "Ustadh, kama viungo vya uhai vinajitengeneza vyenyewe kwenye vumbi huko juu, tunamwachia Mwenyezi Mungu kazi gani?"

Habari moja imewapa wengine takbir na mwingine wasiwasi. Na niliowauliza, wa pande zote mbili, hakuna aliyekuwa ameisoma kazi yenyewe. Basi tuisome kwanza, kisha ndipo tuseme.

Baina ya nyota na nyota si patupu kabisa. Pana gesi nyembamba mno, na ndani ya gesi mna vumbi. Si vumbi letu hili jekundu linalotupaka kanzu kila tunaposhuka kwenye boda wakati wa kiangazi. Chembe moja ya huko ina upana wa kama sehemu moja ya elfu ya unywele. Imetokana na madini ya jamii ya mawe, au ni kaboni mfano wa masizi, na vumbi hilo lote halizidi kama asilimia moja ya uzito wa maada iliyotawanyika kati ya nyota. Ndani ya mawingu yaliyo mazito, mwanga wa nyota haupenyi na baridi hufika nyuzi 263 chini ya sifuri. Tunayaita mazito kwa kuyalinganisha na mengine ya huko tu. Chombo cha chuma cha maabara, kikishanyonywa hewa mpaka pampu zichoke, kwa kawaida bado kina gesi nyingi kuliko wingu kama hilo.

Molekuli iliyo nyingi kuliko zote katika mawingu hayo ni haidrojeni, yaani atomi mbili zilizoshikana. Wataalamu walisumbuliwa na swali linaloonekana dogo: zilishikanaje? Atomi mbili zikikutana peke yake angani, nishati ya kuungana kwake haina pa kwenda, basi inazirusha, kila moja ikarudi njia yake. Lazima kiwepo kitu cha tatu cha kuipokea nishati ile. Niliwaambia vijana darsani kwamba ni kama ndoa: wawili wamependana, sawa, lakini pasipo walii na mashahidi haifungiki. Walicheka sana, na nadhani hawatasahau. Chembe ya vumbi ndiyo iliyosimamia. Atomi moja inatua juu yake na kungoja, ya pili inatua, zinatembea juu ya uso wa chembe mpaka zikutane, chembe inapokea joto, na molekuli inaondoka ikiwa imekamilika. Robert Gould na Edwin Salpeter walichapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1963. Lakini hesabu haijitoshelezi. Ilibidi atokee mtu wa kupima.

Miaka zaidi ya 30 ilipita. Gianfranco Vidali wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, Valerio Pirronello wa Italia, na wenzao walichukua kipande cha olivini, madini ambayo yamo pia katika mawe ya Mbale, wakakiweka katika chombo cha ombwe na kukipoza mpaka karibu na baridi ile ya mawinguni. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997. Hapa wenzangu wa maabara fungueni masikio. Haidrojeni ni gesi msumbufu, haiishi ndani ya chombo hata upampu vipi, kwa kuwa hujitokeza kutoka katika chuma chenyewe. Sasa ukirusha atomi za haidrojeni kwenye jiwe, kisha ukahesabu molekuli za haidrojeni, utajuaje ipi ni yako na ipi ni ya chombo? Watu hawa walitumia mikondo miwili. Mmoja ulikuwa wa haidrojeni ya kawaida, wa pili wa deuteri, yaani haidrojeni nzito. Ilipita njia mbalimbali na kukutana juu ya jiwe tu. Kisha wakahesabu zile molekuli zenye mzazi mmoja wa kila upande. Hata ushahidi ambao ungewapa namba kubwa na nzuri waliukataa, kwa sababu nasaba yake haikujulikana.

Na kabla ya kurusha hata atomi moja, chombo huokwa. Kinazungushiwa mikanda ya joto siku nzima na zaidi, ili maji yaliyoshikamana na kuta yatoke. Anayegusa vya ndani anavaa glavu, maana alama moja ya kidole ni mafuta ya kutosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Hata katika ombwe zuri, uso uliosafishwa hufunikwa na gesi potevu baada ya saa chache. Sisi tunaojua hukumu za tohara tusiwaone watu hawa wana wasiwasi. Wanajua tu kwamba kitu kidogo kisichoonekana kinaweza kubatilisha kitu kikubwa.

Baada ya haidrojeni ilifuata barafu. Juu ya chembe za vumbi huganda maji, monoksaidi ya kaboni, amonia na mengineyo. Mwaka 2002 makundi mawili, moja la NASA huko California na jingine la Ulaya lililohusisha maabara ya Leiden, Uholanzi, yalichapisha kwa wakati mmoja. Waligandisha barafu ya namna hiyo katika baridi ya karibu nyuzi 260 chini ya sifuri, wakaimulika kwa mionzi ya urujuanimno, wakaipasha joto, na masalia yaliyobaki wakayachemsha na asidi. Ndani yake wakakuta asidi za amino, ambazo ni matofali ya protini. Wale wa Ulaya walitangulia kujiuliza swali la adui: pengine hizi zimetoka vidoleni mwenu? Basi walitumia kaboni-13, ambayo kwenye ngozi ya mtu, kwenye sabuni na hewani haizidi kama asilimia moja. Asidi za amino zilizotoka zilibeba alama ya kaboni ile. Hapo ndipo walipozungumza.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, isiyosagwa. Hakuna aliyetengeneza uhai. Hakuna hata aliyetengeneza protini.

Na ushahidi mwingine uko karibu nasi kuliko California. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika mkoa wa Songwe wa leo, Tanzania, upande ule ule wa nchi kilipo kimondo kikubwa cha Mbozi. Kilichookotwa ni gramu 700 na ushei tu, lakini ni jiwe la aina adimu, lenye kaboni, ambalo halikupata moto mkali tangu zama za kuzaliwa kwa jua. Aina hiyo yote inaitwa duniani kwa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Mwaka 2001 ilichapishwa kwamba jiwe hilo lina asidi za amino. Na Wajapani walipoleta gramu 5 na kidogo za udongo kutoka asteroidi Ryugu, Desemba 2020, waliona kwamba jamaa yake wa karibu ni kundi la Ivuna. Hata hivyo, wachunguzi wa jiwe la Ivuna walieleza kwamba asidi zake yaelekea zilitengenezwa baadaye, ndani ya jiwe-mama lililokuwa na maji, wala si juu ya chembe baina ya nyota. Mwandishi wa ule ujumbe wa takbir hakulitaja hili. Lingempunguzia takbir.

Watu husema neno dukhan, moshi, lililomo katika Suratu Fussilat aya ya 11, maana yake ni vumbi hili hasa. Huenda ikawa hivyo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi sitapanda mimbari kusema ndilo. Nadharia iliyochapishwa mwaka huu inaweza kurekebishwa baada ya miaka kumi, na waliyoiandika wataona fahari kuirekebisha. Ukiwa umekwisha kuifunga kwenye shingo ya aya, siku hiyo utamwambia nini yule kijana uliyemsilimisha kwa ajili yake?

Dini hii haihitaji msaada wa namna hiyo, na aliyetufundisha hivyo ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Mnakijua kisa, kimo katika Bukhari na Muslim. Alipofariki mwanawe Ibrahim, katika mwaka wa kumi wa Hijria, jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikirini ndugu zangu. Muujiza umekuja wenyewe, hakuutunga. Mji mzima umeuona. Yeye ni baba aliyefiwa, na anao maadui wanaosema hana kitu. Lau angenyamaza tu, ingetosha. Hakunyamaza. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, na akawaelekeza kwenye sala na dua. Kila ninapoona ujumbe wa miujiza ya sayansi uliosagwa, nakikumbuka kisa hiki, naona haya kwa niaba ya aliyeutuma.

Sasa swali la dada yangu wa kemia. Nilimwambia kwanza aende akalitafute neno "vyenyewe" katika kazi zile. Hatalikuta. Atakuta baridi ya kiasi fulani, mkondo wa kiasi fulani, mionzi ya kiasi fulani, na kilichotokea. Neno "vyenyewe" limedandia njiani, kama abiria wa teksi aliyepandia nje ya stendi. Kisha, lundo la matofali pale Kajjansi si nyumba, na hata siku tutakapojua hatua zote kutoka tofali mpaka nyumba, swali la mwenye nyumba litakuwa palepale. Mkulima wa Masaka anajua mawingu yanatoka Nalubaale. Amejua hivyo tangu utotoni, na bado mvua ikinyesha anasema alhamdulillahi, wala hajichanganyi. Maulamaa wetu wanamwita Mwenyezi Mungu Musabbibul-asbab, mwenye kuzisababisha sababu. Mola wetu hakai katika yale tusiyoyajua tu, hata iwe kila mtu wa Leiden akijua jambo moja, Yeye apungukiwe na nafasi. Aliyeifanya chembe iweze kupokea joto la atomi mbili ndiye aliyeifanya mbegu ipasuke. Imani iliyotegemea kwamba watu wasijue itakuwa na hofu kila jarida linapotoka.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema swali lake lingine lilikuwa kuhusu ripoti ya maabara anayotakiwa kuiwasilisha Ijumaa. Nikacheka, lakini nikaona hilo ndilo zito kuliko lile la kwanza.

Kwa sababu tunajuana. Iko tabia, katika vyuo vingi na wala si kimoja, ya ripoti za mwaka jana kupitishwa mkono kwa mkono, nyingine zikiuzwa hata kwenye vibanda vya fotokopi. Mwanafunzi anajua jibu kabla hajashika bureti. Titresheni yake ya kwanza inatoa 24.5, ya pili 24.5, ya tatu 24.5, utadhani bureti imehifadhi juzuu. Tunaita "kupika matokeo", na tunalisema huku tunatabasamu. Na wapishi wengine hao hao, Ijumaa wako safu ya kwanza.

Wafasiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alitia mkono wake katika mchanga, akauinua, akapuliza kilichoshikamana nao, akasema kila kimoja katika hivi ni dharra. Ndilo neno lililo katika Suratuz-Zilzala, kwamba atakayefanya uzito wa dharra wa wema au wa uovu atauona. Na katika Suratu Saba, aya ya 3, imetajwa kwamba hakifichiki kwa Mola wetu chenye uzito wa dharra mbinguni wala ardhini, wala kilicho kidogo kuliko hicho. Waarabu wa leo wakisema dharra wanakusudia atomi. Mimi sisemi aya ilikusudia atomi, ili nisiingie katika lile nililolikataza. Nasema tu kwamba wewe unayesoma kemia umeona kwa macho yako udogo ambao bibi yako hakuuona, na mizani yako inapima kile kinachopeperushwa kwa pumzi. Hoja juu yako ni nzito zaidi.

Suratul-Mutaffifin ilianza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo, na wafasiri wametaja wafanyabiashara wa Madina. Lakini kipimo ni kipimo. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta lundo la nafaka, juu kavu, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo miongoni mwake. Namba tatu za 24.5 ni nafaka kavu ya juu. Na anayezoea hivyo leo kwa ajili ya maksi tano, kesho ndiye atakayepima kama dawa ya malaria ina dawa ndani yake, na kama maji ya mtaa yanafaa kunywewa. Mtoto atakayeyanywa hatauliza alipata maksi ngapi.

Mtu ataniambia: Ustadh, mwalimu anataka jibu sahihi, namba yangu mbovu itanifelisha. Nisikilizeni kisa cha Wajapani, ndicho cha mwisho.

Maabara inapoiga mawingu yale ina aibu moja ambayo haiwezi kuikwepa, nayo ni muda. Chembe moja ndani ya wingu hutembelewa na atomi ya haidrojeni kama mara moja kwa siku, na barafu yake hujengeka kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mtu wa maabara hana umri huo. Anarusha atomi kwa wingi kupita kiasi, ili kazi ya zama aimalize kabla ya Isha. Basi mwaka 2002 Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walitangaza kwamba barafu ya monoksaidi ya kaboni ikipigwa na atomi za haidrojeni hutoa fomaldehaidi, kisha methanoli. Wakati huo huo kundi jingine, Wajapani vilevile, lilifanya jaribio la namna ile ile na halikuipata methanoli. Hebu wawazieni wangekuwa na ripoti ya mwaka jana! Kundi la pili lingeandika methanoli, kila mtu angefurahi, na jambo lingekwisha. Waliandika walichokiona. Miaka miwili ikapita watu wakitafuta, na tofauti ikaonekana iko hasa katika wingi wa atomi zilizorushwa. Kwa wachache, kazi inaishia njiani. Kwa wengi, inafika kwenye methanoli. Leo wanaokokotoa yanayotendeka katika mawingu hayo wanajua kwamba wingi wa atomi na muda lazima viingie katika hesabu, na sehemu ya elimu hiyo imetoka kwa watu ambao namba yao haikufanana na ya jirani.

Kwa hiyo dada yangu, na wote mtakaoingia maabara wiki hii, ikitoka 23.1 andika 23.1, na chini yake eleza unadhani ni kwa nini.

Wabillahi tawfiq.